Siku Niliyomtafsiri Baba Awino

Sikudanganya. Nilirekebisha.

Hivyo ndivyo nilivyojiambia siku ile, na kama wewe hujawahi kujiambia hivyo hata mara moja, ruka ukurasa huu ukasome michezo.

Kwa wale ambao gazeti lao la wiki jana lilifungiwa mandazi kabla hawajalisoma: mimi ni Mochama, fundi cherehani wa hapa Migori, Mkisii niliyelelewa Rangwe katikati ya Waluo. Kidholuo changu hakina kasoro. Niliwaeleza jinsi nilivyomshonea bwana harusi koti lenye mikono miwili ya kulia, jinsi ndugu zake walivyonitafuta mji mzima, na jinsi nilivyokimbilia makambi ya kanisa kujificha, nikampata Awino. Awino alinikubali. Baba yake, Mzee Cephas, mwenyekiti wa wavuvi kule Karungu, akasema nije Jumapili na watu wangu tuongee mambo ya ng'ombe wa mahari.

Jumapili. Shikeni hiyo siku.

Sasa, siku ya Sabato mimi si fundi. Mimi ni mkalimani wa kanisa. Pasta anahubiri kwa Kiswahili, mimi namfuata kwa Kidholuo, sentensi kwa sentensi. Na kama umewahi kuketi kanisani kwetu, unajua mkalimani hatafsiri tu. Pasta akisema Petro alilia, mimi nasema alilia mpaka kanzu ikalowa. Pasta akisahau kumalizia, mimi namalizia. Akina mama wakipaza amina, yeye anafikiri ni zake. Miaka tisa nimefanya hivyo na hakuna aliyelalamika.

Huo ndio ugonjwa wangu. Sasa sikilizeni ulivyonipeleka.

Mheshimiwa mmoja, sijui alikula nini siku hiyo, alipeleka hoja bungeni kwamba nchi yetu ijitoe katika Jumuiya ya Afrika Mashariki. Kwingine watu walibishana kwenye televisheni. Kwetu walibishana kwenye mizani ya vitunguu. Watu wa soko wakasema tubaki, kwa sababu mchele na vitunguu vinapitia mpakani, Sirare. Watu wa ziwa wakasema tutoke hata jana, kwa sababu upepo ukikusukuma kidogo tu majini, walinzi wa upande wa pili wanabeba boti, nyavu na samaki. Kinyozi wa jirani yangu alimnyoa mteja nusu kichwa, wakatofautiana, akamwambia nusu iliyobaki akanyolewe na Jumuiya.

Kamati ikatumwa kutoka Nairobi kukusanya maoni ya wananchi. Jumanne Homa Bay, Alhamisi Migori.

Jumanne nilikuwa Homa Bay kupeleka sare za kwaya. Mkalimani wa kamati alikuwa akiharisha tangu asubuhi. Mtu mmoja wa kanisa akaniona mlangoni na furushi langu.

"Huyu hapa! Huyu anatafsiri mpaka unasikia mbingu!"

Nikasukumwa mbele. Mama mmoja wa Mbita, Linet, akasema sentensi mbili kuhusu bei ya omena, dagaa wetu wa ziwani. Mimi nikazifanya nne. Ukumbi ukapiga makofi. Linet akanifuata nje akanishika mkono.

"Yawa, hata mimi sikujua nimeongea vizuri hivyo!"

Mwenyekiti wa kamati, Mheshimiwa Damaris, mama mwenye miwani na sauti ya mwalimu mkuu, akaniambia, "Alhamisi tuko kwenu Migori. Usikose."

Nilirudi nyumbani kichwa kimevimba. Laiti na mimi ningeharisha.

Jumatano asubuhi mama akaniita sokoni. Mama yangu ni Bitutu, anauza mchele wa Tanzania tangu nikiwa mtoto wa kubebwa mgongoni. Akiwa na jambo hakutazami, anachagua mawe kwenye mchele.

"Nasikia kesho utamshikia Cephas maneno yake."

"Nitamtafsiria tu, mama. Kama pasta."

"Cephas anataka Sirare ifungwe."

"Hajasema ifungwe, mama. Anasema tutoke Jumuiya."

"Nikitoka kwangu, mlango naacha wazi?"

Nikainama, nikaanza kuchagua mawe na mimi.

"Mchele huu ndio ulikusomesha. Mchele huu ndio ulinunua hiyo cherehani yako. Sasa huyo mzee anifungie njia, halafu Jumapili nimpelekee ng'ombe nikicheka meno yote nje?"

"Mama, pole pole basi. Watu wanasikia."

"Wasikie!" Akatupa jiwe moja chini. Kisha akashusha sauti. "Sikuambii udanganye. Mimi ni mtu wa kanisa. Punguza makali tu. Akisema kali, wewe sema baridi. Unaweza?"

"Sawa, mama."

Ndiyo. Nilisema sawa.

Saa nane mchana Mzee Cephas akaingia dukani kwangu na gambuti zake, Awino nyuma yake. Mzee huyo alikuwa hajawahi kuniongelesha lugha yoyote isipokuwa Kidholuo. Akasimama katikati ya vitambaa akiniangalia kama mtu anayepima mbao.

"Nyathina," akaniambia, maana yake mwanangu, na moyo wangu ukaruka kwa furaha. "Kesho wewe ndiwe mdomo wangu. Watu wa ufuoni watasikiliza kwa redio. Neno kwa neno. Usiongeze, usipunguze."

"Sawa, mzee."

Mzee akatoka nje kuongea na simu. Awino akabaki, akichezea kipande cha kitenge.

"Umesema sawa haraka sana," akasema.

"Sasa ningesema nini?"

"Mama yako alikuita asubuhi. Alikuambia nini?"

"Mambo ya mchele."

"Mochama." Akaliweka lile jina hapo mezani, akaliacha. "Unajua kitu moja? Mji mzima unabishana, na wewe hujawahi kuniambia unaonaje. Tutoke ama tubaki?"

"Mimi? Mimi ni mkalimani, mpenzi."

Nilitarajia acheke. Hakucheka. Nampenda Awino kwa sababu nyingi, lakini siku hiyo nilitamani awe mjinga kidogo.

Alhamisi ukumbi ulijaa mpaka watu wakakaa madirishani. Soko lilikaa kushoto, ziwa likakaa kulia, na katikati wakakaa walimu pamoja na wale waliofuata soda. Mama alikuwa mstari wa mbele kushoto na kitambaa chake cha kanisa. Awino alikuwa mstari wa mbele kulia, karibu na baba yake. Mimi nilisimama katikati na maikrofoni.

Alianza Maroa, Mkuria wa Isebania, dalali wa mahindi mwenye sauti ya kuita ng'ombe. Huyo hakuhitaji mkalimani.

"Mheshimiwa, mimi nalala Kenya. Nyanya yangu mzaa mama analala Sirare. Nikiinuka kitandani naona moshi wa jikoni kwake! Mkitutoa, nikimpelekea uji niende na pasipoti?"

Soko likapiga vigelegele. Kulia mvuvi mmoja akasimama.

"Uji haunyang'anywi! Nyavu ndizo zinanyang'anywa!"

"Wewe si uvue upande wako!"

"Upande upi? Umeona ukuta ndani ya maji?"

Viti vikaanza kuinuliwa. Mheshimiwa Damaris akagonga meza, akasema atakayerusha kiti atakilipia na kisha atakikalia nje juani. Watu wakatulia. Akaita jina lililofuata, na jina lilikuwa Cephas.

Mzee akaja mbele, akavua kofia. Akaongea Kidholuo, polepole, kama mtu anayefungua fundo.

Akasema: boti zangu mbili zilichukuliwa majini na sijaziona mpaka leo.

Nikamtazama mama. Mama akanitazama.

"Mzee anasema," nikaanza, "wavuvi na jirani zetu wamekuwa na kutoelewana hapa na pale."

Upande wa kulia ukanung'unika. Mtu akasema, "Ati nini?"

Mzee hakugeuka. Akaendelea: kijana wangu wa kazi alifungiwa huko wiki tatu, na mama yake alikuwa akija kwangu kila asubuhi kuniuliza, nami sikuwa na la kumjibu.

Nilimjua mama huyo. Lakini mama yangu naye alikuwa amefunga mikono kifuani, anangoja.

"Anasema familia zingine zimepata wasiwasi," nikasema, "lakini wasiwasi huo unaweza kuongelewa kama ndugu."

"Yawa! Sivyo!" wavuvi wakapiga kelele. "Sivyo alivyosema!"

Sasa, kanisani kelele zikizidi, mkalimani anafanya nini? Anapaza sauti. Miaka tisa nimejifunza hivyo. Nikapaza sauti.

"NDUGU, anasema mzee! NDUGU wa damu!"

Kushoto wakapiga makofi. Mheshimiwa Damaris, ambaye Kidholuo hajui hata salamu, alifikiri ukumbi umeguswa moyo. Akawaambia wavuvi watulie, zamu yao itafika. Wanakamati wawili walioketi kando yake wakaandika.

Mzee Cephas akasema la mwisho, sentensi moja fupi. Tutoke, na tutoke sasa.

Jasho lilikuwa limefika kwenye soksi. Nilijua nikisema hivyo, mama hatakanyaga Karungu Jumapili. Nilijua pia nisiposema hivyo... kwa kweli hapo sikufikiria zaidi. Huo ndio ukweli wangu wote, wasomaji. Niliona mama yuko karibu, nikaona Jumapili iko mbali.

"Na kwa kumalizia," nikasema, "mzee anaomba tusiharakishe kutoka."

Mama akasema amina. Kwa sauti. Katika kikao cha serikali.

Upande wa kulia wavuvi wakaketi mmoja mmoja, na kuketi huko kuliniogopesha kuliko kelele. Awino alikuwa ameinamisha kichwa.

Mzee Cephas akavaa kofia. Akanyoosha mkono, akachukua maikrofoni kutoka mkononi mwangu taratibu, kama unavyomnyang'anya mtoto kisu.

"Mheshimiwa mwenyekiti," akasema. "Namshukuru mkalimani. Sasa naomba ruhusa nimtafsiri mkalimani."

Kwa Kiswahili. Na si hiki chetu cha kuungaunga. Kiswahili kilichonyooka, cha redio!

"Nilikaa Musoma miaka kumi na miwili nikitengeneza injini za boti," akasema. "Nimekula ugali wao, nimezika marafiki kule. Simchukii mtu. Lakini nilisema boti zangu mbili zilichukuliwa. Huyu akasema kutoelewana. Nilisema mtoto wa mtu alifungwa wiki tatu. Huyu akasema wasiwasi. Nilisema tutoke sasa, akasema tusiharakishe. Kamati inaweza kukataa maneno yangu, hiyo ni haki yenu. Ila mkatae yangu, msikatae yake."

Haki ya Mungu, hata soko halikucheka.

"Na kwa nini hukuongea Kiswahili tangu mwanzo?" Mheshimiwa Damaris akauliza.

"Kwa sababu mbili. Watu wangu wa ufuoni wanasikiliza, na wao niliwaongelesha lugha yao." Akanigeukia. "Ya pili, kijana huyu anataka kumwoa binti yangu. Jumapili anakuja kwangu. Nilitaka kujua, akipewa neno la mtu mwingine alibebe, anafika nalo wapi."

Ukumbi ulipumua "aaah" ndefu. Nilitamani sakafu ile ya saruji iwe matope.

Mheshimiwa Damaris akavua miwani. "Ndugu mkalimani, una la kusema?"

Nikarudishiwa maikrofoni. Nina lugha tatu, na nazo ndizo zinazonipa heshima mjini. Nilipofungua mdomo, Kiswahili hakikuja. Kidholuo hakikuja. Ilikuja ile ya kwanza kabisa, ya mgongoni kwa mama. Nikaongea Kikisii, macho yangu kwa mama, machozi yananitiririka mbele ya watu mia tatu.

Nilisema hivi, na niliyosema nayakumbuka mpaka leo: "Mama, nimekosa. Nilitaka kukupendeza wewe nikamuuza mzee wa watu. Jumapili nitaenda Karungu, nitapiga magoti mbele yake na mbele ya Awino, na ninakuomba twende pamoja."

Hakuna kuongeza, hakuna kupunguza. Kwa mara ya kwanza katika maisha yangu.

"Amesema nini?" akauliza Mheshimiwa Damaris. "Nani anaelewa?"

Kulikuwa na Wakisii wengine ukumbini, lakini mama alikuwa ameshasimama.

"Nitamtafsiria mimi," akasema. "Mimi ndiye niliyemzaa."

Akaja mbele, akapangusa mikono kwenye leso kana kwamba anataka kupima mchele. Akachukua maikrofoni. Nikapumua. Nikajua mama ananiokoa, kwani mama ni kazi yake kuokoa.

"Kijana wangu anasema amekosa," akasema. Vizuri. "Anasema ameona haya." Vizuri pia, ameongeza kidogo, damu ni moja. "Na kwa sababu ya hiyo haya, anasema Jumapili hatakuja Karungu. Anasema mambo ya kuoa huko yameisha. Asante."

Akanirudishia maikrofoni na akabaki amesimama hapo, kidevu juu.

Sikuamini. Kulikuwa na Wakisii kama kumi katika ukumbi ule, na wote walitazama viatu vyao. Nani atabishana na mama Bitutu kuhusu mtoto wake mwenyewe?

Awino akainua kichwa. Uso wake ulikuwa umelowa.

"Mochama, ndivyo ulivyosema?"

"Hapana!" nikapiga kelele. "Hapana, sikusema hivyo hata kidogo! Sijasema yameisha!"

"Jibu, fundi!" Maroa akaita kutoka nyuma. "Leo ni zamu yako kushonwa!" Watu wakacheka, kisha wakaacha.

Mzee Cephas akainua mkono. Hakuwa na hasira, na heri angekuwa nayo.

"Kijana, jibu kwa Kiswahili, sote tusikie. Mama yako amekutafsiri sawasawa, ama amedanganya?"

Nikamtazama mama. Kidevu kilikuwa bado juu, lakini midomo yake ilitetemeka. Nina miaka thelathini na moja, nimemwona akizika mume, nimemwona akiunguliwa na kibanda, na midomo ile sikuwahi kuiona ikitetemeka. Akaniambia kwa Kikisii, chini chini, "Mwanangu, usinifanyie hivyo hapa."

Redio ilikuwa hewani. Karungu yote ilikuwa inasikiliza.

Nilifikiria Awino. Nilifikiria lile swali lake dukani, unaonaje wewe mwenyewe, nami nikamjibu upuzi. Nikaamua kwamba leo, hata dunia ipasuke, nitasema neno moja la kweli lililo langu.

"Amedanganya," nikasema.

Mama alifunga leso yake vizuri kiunoni, akachukua mkoba wake chini ya kiti, akatembea katikati ya watu mpaka mlangoni. Walimpisha.

Nikamgeukia Mzee Cephas. Nilitarajia anipe mkono. Kumbe!

"Haya, leo umesema kweli," akasema. "Lakini umemwita mama yako mwongo mbele ya mji wote, ili upate mke. Siku utakapotaka kitu kingine, binti yangu utamwitaje?"

Swali hilo nimelibeba mpaka leo ninapoandika haya.

Nikamtafuta Awino kwa macho. Alikuwa amesimama. Nikanyoosha mkono kwake. Hakuja kwangu, na baba yake alipomwita kwa jina, hakwenda kwake pia. Alivua viatu vyake vya visigino, akavishika mkononi, akatoka mbio kupitia mlango ule ule aliotokea mama.

Nikapiga hatua kuwafuata.

"Ndugu mkalimani!" Mheshimiwa Damaris akagonga meza. "Unaenda wapi? Kikao hakijafungwa, na mwingine hatuna. Anayefuata anaongea Kidholuo. Na safari hii, neno kwa neno."

Mzee mwingine wa ziwa alikuwa ameshafika mbele, anakohoa, ananisubiri.

Dirishani, kati ya vichwa vya watu, niliwaona wote wawili langoni. Mama alikuwa amemshika Awino mkono juu ya kiwiko, kwa nguvu, na alikuwa anamwambia jambo refu. Awino hakujivuta. Alisikiliza, akatikisa kichwa, akasikiliza tena. Kisha wakageuka, wakavuka barabara pamoja bila kutazama nyuma.

Yule mzee akaanza kuongea. Nikainua maikrofoni nikamfuata, neno kwa neno, na macho yangu yote yako barabarani, kwa watu wawili tu duniani ambao nilitaka kujua wamesemaje, na hakuna wa kunitafsiria.